Kitu Kisicho na Reli

Nilianza kuhesabu ndege kabla sijajua kuhesabu pesa.
Uwanja wa zamani, pale mjini Mbeya,
mbuzi wa watu wakila majani kandokando ya lami,
mlinzi akipuliza filimbi ili wapishe,
nami juu ya ukuta, sweta limenipwaya,
daftari mapajani:
namba ya mkiani, saa, upepo unatoka upande gani.
Mwalimu alilifungua siku moja akashangaa.
"Atuganile, hizi ni hesabu gani zisizo na jibu?"

Baba alikuwa dereva wa treni.
Akirudi kutoka Iyunga ananuka dizeli na ugoro,
anavua buti mlangoni, anatazama juu,
anatikisa kichwa.
"Kitu kisicho na reli
kinajuaje kwamba kimepotea?"

Haba na haba, kibaba kikajaa tiketi mbili.
Istanbuli, siku tisa, kupumzika tu.
"Kupumzika?" akasema. "Mimi nimestaafu.
Siku hizi kupumzika kunataka pasipoti?"
Lakini alikwenda kupiga picha, amenyoa,
tai ya kazini imekabwa hadi kooni.

Songwe, alfajiri. Ukungu umelala uwanjani
kama mgeni aliyekunywa chai na hataki kuaga.
Mashine ya ukaguzi ikameza begi la baba,
na kwenye kioo, mimi na yule binti wa zamu tukaona
maparachichi saba ya Rungwe,
kokwe saba zimetulia kama mayai tumboni mwa kuku.
"Mzee, huko uendako hakuna chakula?"
"Ndiyo ninakwenda kuona."

Tukangoja. Akatoa saa yake ya mfukoni.
"Treni haisubiri ukungu."
"Treni yenu, baba, ilisubiri kila kitu."
Akacheka hadi akakohoa, watu wakageuka.

Nikaisikia kabla ya kuiona:
Bombadia, sauti nzito kidogo,
kama mashine ya kusaga ya Mwanjelwa siku ya gulio.
Nikammwagia baba yote niliyonayo.
Mapangaboi mawili, kila moja majani sita.
Bawa limekaa juu ya mwili, si chini.
Magurudumu yanakunjwa, yanaingia kwenye tumbo la injini.
Baba akaitikia, mm, mm,
kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dhehebu jingine.

Jambo moja sikumwambia.
Miaka thelathini na minne, madaftari kumi na moja,
na mimi sijawahi kupanda.

Injini zilipopanda sauti, elimu yangu yote ikanikimbia.
Nikafumba macho. Nikashika nilichokishika,
kumbe ni kiganja chake.
"Inavuta vizuri," akasema, sikio kaliinamisha.
"Mzigo mwepesi. Dereva hana haraka."
Ardhi ikatuachia.

Nilipofumbua macho Usangu imetandikwa chini,
maji, mpunga, maji.
Kiti cha dirishani kilikuwa changu, nimekiota tangu utoto.
Nikamwona baba anavyonyoosha shingo.
Tukabadilishana, magoti yakigongana.

Hakutazama bawa. Hakutazama mawingu.
Alitafuta, alitafuta, kisha akagusa kioo:
"Ile pale."

Uzi mwembamba. Ningeuona peke yangu ningedhani ni njia ya ng'ombe.
Ukapita Makambako, ukaanza kushuka,
ukaingia mlimani, ukatoka, ukaingia tena,
na midomo ya baba ikawa inahesabu mahandaki bila sauti.
"Hapo nililala siku mbili, mwaka wa maporomoko.
Abiria walipika uji kando ya reli.
Mama yako alikuwa na mimba yako."
Akapima kwa vidole juu ya kioo, gumba na shahada:
miaka thelathini na mmoja ikaenea katikati,
nafasi ikabaki.

Hatukusema kitu kwa muda.
Halafu: "Lete hilo daftari."

Akaandika kwa mwandiko wa kazini, umesimama wima:
*Songwe. Kuondoka, 3:42.
Kuchelewa, saa 1 dakika 57. Sababu, ukungu.
Hali ya njia, haionekani, ila ipo.
Kufika,*
akaacha wazi,
akaichomeka kalamu yangu mfukoni mwake.