Pini ya Mia Tano

Saa tisa usiku, Vingunguti. Unga umeumuka
na tanuri limeanza kupoa.
Nalisikia kabla sijaamka vizuri:
mota inazunguka kwa wepesi mno,
sauti ya mtu anayetafuna na hana kitu mdomoni.

Zima kwanza. Toa fyuzi, itie mfukoni,
si juu ya meza, mfukoni,
maana Zamda hutembea usingizini, huwasha kila swichi.
Hivyo ndivyo alivyonifundisha Mshamu,
mwenye vidole vinane na nusu.

Kisha tochi. Kisha kihori.
Kwa juu kimejaa, makaa ya mawe ya Mbinga,
yanang'aa kama yamepakwa mafuta,
usingedhani kuna njaa hapa.
Lakini masika yameingia guniani.
Chenga zimelowa, zimeshikana, zimejenga daraja,
na chini ya daraja ni patupu.
Nachomeka mwiko, ule mrefu wa shughuli,
nagonga ubavuni mara mbili,
linaporomoka lote kwa mshindo
na vumbi linanipaka wanja nisiouomba.

Narudisha fyuzi. Nawasha.
Bado.

Haya basi, magotini,
mikono mgongoni, sikio karibu na bomba.
Mota haijaungua; ningeinusa.
Mnyororo upo. Beringi ya nyuma inalia,
inataka grisi, inataka tangu Ijumaa, najua, nisamehe.
Shafti inazunguka peke yake
na parafujo imetulia
kama mgeni asiyeijua lugha ya nyumba.
Pini imekatika.

Pini ya shilingi mia tano, ya chuma laini.
Mshamu aliichonga makusudi iwe dhaifu.
Nilimcheka: fundi mzima wa Gerezani,
unatengeneza kitu ili kivunjike?
Akasema, lazima kimoja kikubali kuvunjika.
Chagua: hiki cha mia tano, au giaboksi ya laki nne.

Mwaka juzi, amelazwa Amana,
nilichoka na pini. Nikatia boliti ya Fuso.
Siku tisa mikate ilitoka bila kukosa.
Siku ya kumi meno ya giaboksi yakamwagika
kama punje za mahindi,
nami nikaenda wodini na machungwa
nikamwambia huko nyumbani hakuna neno.
Akanitazama mikono. Akaiona grisi nyeusi, ile ya ndani.
"Boliti ya nini?"
"Fuso."
Alicheka mpaka nesi akaja.

Fyuzi mfukoni tena. Nafunua kifuniko,
nairudisha parafujo kinyume kwa spana,
robo, robo, inagoma, robo,
na pale bomba linapoanza, limebanwa
jiwe. Si makaa. Jiwe tu, la kijivu, la kawaida,
limetoka Mbinga hadi hapa kwa lori,
nimelilipia kwa kilo kama wenzake.
Naliweka dirishani. Sijui kwa nini.

Kopo la pini liko nyuma ya ndoo ya hamira.
Alizichonga nyingi wiki ile aliyoruhusiwa kurudi,
ameketi kitandani, tupa mkononi, shuka limejaa vumbi la chuma,
hakusema ni za nini, wala mimi sikuuliza.
Zamani nikitikisa lilikuwa na kelele za harusi.
Usiku huu nimesikia moja, mbili,
pengine tatu.

Naichomeka. Nakunja ncha kwa koleo.
Grisi kwenye beringi, kidole kizima, deni la Ijumaa.
Fyuzi. Swichi.
Punje za kwanza zinaanguka motoni, tiki, tiki,
moshi unageuka rangi, tanuri linavuta pumzi.
Saa kumi na moja wauza chai watagonga mlango.

Hii iliyokatika nimeifunga kwenye leso, nusu mbili.
Kukicha nitashuka nayo Gerezani,
nitauliza banda kwa banda
kama yupo kijana anayekubali
kuchonga kitu dhaifu, kwa uangalifu.