Tasa Kazaa Tasa

Kazi ya Velga ni kugonga magurudumu.
Miaka thelathini na mmoja, stesheni ya Daugavpils,
nyundo ya mpini mrefu, taa kifuani,
agonge, asikilize, apite.
Chuma kizima huimba kitambo baada ya pigo;
chenye ufa hujibu kama kopo.

Nyuma ya karakana, kwenye reli isiyokwenda kokote,
lilisahauliwa behewa la shayiri,
na ubavuni, kwa rangi nyeupe:
73939133.
Usiku mmoja wa theluji, treni ya Riga imechelewa,
akaamua kuigonga na namba hiyo.

Si kwa nyundo. Kwa penseli,
mgongoni mwa hati za mizigo.
Mbili ikagonga, ikabaki moja.
Tatu, ikabaki mbili. Tano, tatu.
Saba, mbili tena.
Akaendelea hivyo, kila tasa kwa zamu yake,
nyundo zaidi ya elfu moja,
hadi 8597, pale kipeuo cha pili kinaposema basi.
Alipomaliza, miti ilikuwa na majani.
Hakuna ufa.

Mwaka uliofuata kutu ikala ile 3 ya mwisho.
7393913.
Akagonga upya: nzima.
Hakuisubiri tena kutu. Alivua glavu,
akaziba kwa kiganja tarakimu moja baada ya nyingine,
kutoka kulia, baridi ikimng'ata vidole:
739391
73939
7393
739
73
7
na kila iliyobaki iliimba.

Kwa Kilatvia jina la namba hizi halina kidonda.
Sisi tunaziita tasa,
neno lile lile tunalomtupia mwanamke kisogoni.
Lakini tazama: saba kazaa sabini na tatu,
sabini na tatu kazaa mia saba thelathini na tisa,
tasa kazaa tasa, vizazi vinane,
na hakuna aliyepasuka katika kuzaa.

Alitaka wa tisa.
Akairudisha 3 kwa chaki, akaweka 1 mbele yake:
tatu ikaigawa, na saba ikaja nyuma yake kushangilia.
Akaweka 7: tatu tena.
5 na shufwa zote hata penseli hazikustahili.
3 ilimkesha wiki nzima, na 9 nyingine nzima,
kila moja ikiimba, ikiimba,
mpaka mahali fulani mbali katika karatasi
ikajibu kama kopo.

Ukoo ulikuwa umefika.
Alifuta chaki kwa mkono wa koti.
Anasema hakulia; anasema macho yake
hutoa maji kila upepo ukitoka mtoni,
na nyumbani kwake, ambako hakujawahi kutundikwa soksi ndogo,
hakuna wa kumbishia.

Majira ya kuchipua wakaja wakataji chuma,
na mitungi ya gesi, na miwani myeusi.
Velga aliwaomba jambo moja: waanzie kulia.
Anatols, msimamizi, hakuuliza kwa nini.
Moto ukapita, bamba likaanguka,
alisimama kando akihesabu kimoyomoyo
yale yaliyokuwa yangali yamesimama,
na kila mara yalikuwa mazima.

Bamba la mwisho aliondoka nalo kwapani.
Linafunika pipa lake la kabichi chungu.
7.
Akipita karibu, huligonga kwa ukucha.