Kengele ya Kifuniko cha Valvu

Kengele yenyewe ni kifuniko cha valvu ya baiskeli,
plastiki nyeusi, nilichokiokota Mlango Mmoja
mbele ya kibanda cha fundi pancha.
Leo usiku kinapaswa kuwa shaba,
tena shaba iliyokula miaka hamsini majini.

Kwanza kahawia nzito, rangi ya mashapo ya kahawa.
Ikikauka nachovya brashi kwenye shaba ya kopo,
naifuta gazetini mpaka udhani haina kitu,
ndipo naipitisha juu juu,
kama unayempangusa vumbi mtoto aliyelala.
Ukingo unashika mng'ao. Mabonde yanabaki na giza lao.

Halafu kijani. Hapa ndipo wengi huharibu.
Kutu ya shaba haipakwi, huteremka.
Ujiulize: mvua ingetuama wapi?
Ukungu wa ziwa ungelala wapi hadi saa tatu?
Tone moja, maji mengi,
chini ya skrubu, ndani ya herufi za jina.

Dirishani kwangu Kirumba wadudu wa ziwani
wameivamia balbu kama moshi uliokosa bomba.
Mmoja akatua sitahani, akanasa.
Nikamtoa kwa sindano. Bawa likabaki.
Nikalipaka kutu nalo.

Siku ya tatu akaja Nyamizi binti Lugembe,
mwenye meli,
yaani mwenye kuikumbuka.
Akavaa miwani. Akakaa kimya mno.
"Bomba, sawa. Ngazi, sawa.
Ila kengele hii ya nani?
Baba aliisugua kila alfajiri kwa jivu na ndimu,
chai yenyewe ikisubiri.
Tulijitazama humo, mimi na Sayi,
pua kama viazi, tukicheka.
Baba na kijani, wapi na wapi!"

Mimi niliyejua mvua inatuama wapi
sikuwa nimeuliza nani alikuwa na kitambaa.

Nikachukua pamba kwenye kijiti, spiriti kidogo,
nikaanza kuufuta uzee nilioutolea jasho.
Ukatoka upesi. Uliniuma ulivyotoka upesi.
Mbele ikang'aa, ubavuni ikang'aa,
lakini ndani ya mdomo, pale ulimi unaponing'inia,
kijiti hakikuingia.

"Vidole vyake," nikamuuliza, "vilikuwa vinene?"
Akautazama mkono wake kwanza.
"Vinene. Kimoja kilibaki kwenye winchi."

Basi pale ndani
nikakiacha kijani.