Kifuniko

Asubuhi vidole vyangu huamka baada yangu.
Vimejikunja kama watoto waliogomea shule,
nami navibembeleza ndani ya maji moto
mpaka kimoja kikubali, kisha cha pili.
Kwenye faili la daktari ugonjwa una jina refu.
Mimi nauita baridi yabisi,
na hapa Duluth, Januari, ziwa limeganda
hata magari yanapita juu yake,
jina hilo linanitosha.

Si uzee. Nina miaka arobaini na moja.
Ni askari wa mwili wangu mwenyewe
walioambiwa kuna adui magotini,
na hakuna wa kuwaambia hakuna vita.

Wifi yangu Marlys alikuja Alhamisi,
theluji kwenye buti, keki ya mdalasini mkononi,
na mkobani, chupa ya zambarau.
Aliiweka mezani kama mtu anayeweka yai.
Manjano, alisema. Mwani wa bahari ya mbali.
Kome waliosagwa bila kuguswa na moto.
Dola themanini na tisa,
ila nikijiunga chini yake, sabini,
na nikipata watatu chini yangu,
na watatu wale wakapata watatu wao,
mwisho wa yote nitameza bure.

Mimi ni karani wa hesabu.
Tatu, tisa, ishirini na saba.
Ngazi ya kumi, Duluth nzima imeshajiunga,
pamoja na vichanga hospitalini.
Ngazi ya kumi na moja
tutawauzia samaki, chini ya barafu.

"Nani kapona, Marlys?"
"Yupo mama mmoja, Fargo, alitupa mkongojo."
"Jina lake?"
"Nilisikia mkutanoni."
Miujiza yote ina anwani ya mji mwingine.

Nami niliwahi kuimeza, sikatai. Miezi mitatu.
Mwezi wa pili maumivu yakaondoka,
nikampigia simu nikilia kwa furaha.
Nilisahau kwamba hata zamani yalikuwa yakiondoka,
nisipomeza kitu, kama paka,
na kama paka yakirudi, usiku, bila hodi.
Jogoo liwike lisiwike, kutakucha.
Mimi nilimlipa jogoo.

Nililipa zaidi ya hapo.
Kiongozi wake alinishauri kwa simu
niache sindano kwanza, mwili usafike.
Sasa picha ya kifundo cha mkono wangu
ina kipande kilicholiwa,
na mfupa ulioliwa haupandi jukwaani
kutoa ushuhuda.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza:
hiki kimetembezwa kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri
na mwanamke ninayempenda.

"Basi ifungue," nilimwambia.
"Fungua wewe, ni yako."
Bonyeza, kisha zungusha, kifuniko kilisema.
Nilibonyeza. Nilijaribu kwa kiganja, kwa meno,
kwa upindo wa sketi.
Dawa ya viungo,
na mlango wake unataka viungo vizima.
Marlys alitazama vidole vyangu,
akatazama muda mrefu kuliko siku zote,
akaichukua, akaifungua. Tk.
Ikanuka kama gati.
Hakuna aliyemeza.

Saa mbili usiku nilitoa sindano yangu ya kila wiki.
"Hiyo inaponya?"
"Haiponyi. Inapunguza."
Neno dogo; hakuna atakayeliandika kwa herufi za dhahabu.
Alinishikia pamba.

Dirishani nilimwona akikwangua barafu kwenye kioo cha gari.
Gari lao hulala nje tangu vuli.
Kaka yangu Arvid aliwahi kuniambia, mara moja tu, akiangalia viatu vyake:
gereji imejaa maboksi hadi darini,
yote ya zambarau, yote yamelipiwa kwa mkopo.
Mfa maji haachi kutapatapa,
na wifi yangu alikuwa ameshika mguu wangu.

Nilifungua dirisha kwa kiwiko.
"Alhamisi," nilipaza sauti. "Njoo na keki tu."
Aliinua kikwanguo, kama anayepunga,
au kama anayeuliza kitu
ambacho upepo ulikichukua.