Nirudie

Redio ya Mama Kerubo, ghorofa ya chini,
tangu asubuhi: nirudie, nirudie.
Pipeline nzima inakijua kiitikio.

Wewe, Mulei, ulisema hilo ni ombi,
mtu anamwita mwenziwe mlangoni.
Mimi nilisikia kosa lile lile
likiimbwa mara ya pili.
Na bibi yangu angecheka:
kwake, kumrudi mtu ni kwa ufito.

Leo naanua nguo
kabla za jirani wa juu hazijaanza kudondosha maji,
naikuta sweta yako ya kijani, ya tangu Aprili,
niliyoifua kwa maji ya moto, kwa hasira.

Imerudi.

Mikono yanitosha mimi sasa,
kwapani inabana.
Siivui.
Huko chini
Mama Kerubo anaongeza sauti.