Urithi Usiogombaniwa

Siku ya tatu ya matanga, mvua ya Bukavu
haijaacha kupiga mabati,
kikao cha ukoo kilianza na friji.
Friji ikaenda kwa Bisimwa, kwa kuwa ana watoto wengi,
ingawa kwake Panzi umeme huja kama mgeni wa heshima.
Viti vikaenda Uvira. Mashine ya kushona
iliwatenganisha shangazi wawili hadi leo.
Hata sufuria isiyo na mfuniko ilipata mtetezi.

Kisha mtu akauliza: "Na hao?"

Juu ya kabati, mikia ikining'inia,
wamekaa watatu kama mahakimu
waliokwisha kuandika hukumu.

Mjomba alisema paka wa mjane si paka.
Bisimwa alisema gunia lipo, na ziwa haliko mbali.
Akacheka. Hakuna aliyecheka naye,
lakini hakuna aliyemkataza.

Mimi ni mpangaji tu, chumba cha nyuma, fundi redio,
sina kauli penye ukoo wa watu.
Lakini kaye alinipa mimi.
Kikohozi kilipoanza kumla, Mama Cibalonza aliniita:
"Zihindula, wewe huna unachokitaka kwangu,
ndiyo maana nakuamini."
(Si kweli. Nilitaka anisamehe kodi ya miezi miwili.)

Mwandiko wa mkunga, wino wa buluu, haukutetemeka:

*Sajini, jicho moja. Asipewe vichwa vya sambaza, humkwama.*
*Bibi Harusi anaogopa radi. Mfungulie kabati.*
*Labda, yule wa kijivu. Huyu simjui bado.*
*Gonga kikombe cha bati mara tatu, useme:*
*karibuni mezani, waheshimiwa.*
*Usiposema, hawali. Nimejaribu.*

Na bahasha, faranga elfu ishirini:
*zikiisha, Mungu anajua, na wewe pia.*

Sajini nilimpeleka Kadutu, stoo ya mchele.
Mwenye stoo akamzungusha kama anayeajiri mlinzi.
"Jicho moja?"
"Moja, ila halilali."
Akaanza kazi usiku uleule.

Bibi Harusi alifuatwa na binti kutoka Muhumba,
mmoja wa mamia waliopokewa duniani na mikono ile.
Alikuja na kikapu, kitenge kimetandikwa ndani.
Alisoma kaye yote, amesimama kwenye matope,
akauliza swali moja tu:
"Kabati lazima liwe la mbao?"
Hapo ndipo nililia. Si makaburini,
si jeneza lilipokwama mlangoni.
Nililia kwa swali la kabati.

Labda alikataa.
Nilimpeleka Nguba kwa masista, ndani ya katoni ya sabuni;
nilirudi kwa pikipiki, nikamkuta kizingitini
anajilamba kwapa, kana kwamba mimi ndiye niliyepotea.

Wahenga walituachia yao kuhusu paka akiondoka.
Hawakusema, mwenye paka akiondoka,
saa kumi na mbili jioni inakuwa ya nani.

Sasa parsela imeuzwa. Mnunuzi amebadilisha kufuli.
Nimehamia Nyamugo, chumba kimoja, redio saba mbovu,
na kikombe cha bati
nilichokiiba kabla kikao hakijakifikia.
Labda alitoroka njiani, penye ile ngazi ya udongo,
akaingia katikati ya nyumba za watu
kama mwenye miadi.

Jana jioni niligonga. Mara tatu.
Majirani wapya walinyamaza upande wa pili wa mbao.
Niliona haya, nikasema kwa sauti ya chini,
kwa wingi, ingawa ni mmoja,
na hata huyo mmoja hayupo:
karibuni mezani, waheshimiwa.

Sambaza zikapoa.
Nilitoa vichwa, nikakumbuka havimhusu, nikavirudisha.
Nikalala, mlango nimeuacha wazi
kiasi cha mkia.