Taya la Ramaz

Kwanza picha. Uso mbele, uso kando,
kisha midomo imevutwa kwa ndoano mbili za plastiki
kama pazia la duka linalofunguliwa asubuhi.
Ramaz, miaka kumi na mitano, hapepesi.
Anautazama ukuta wangu wa Kutaisi,
kalenda ya benki, mwezi ambao sijaubandua.

"Uma."
Anauma.
Meno ya chini yanapita mbele ya yale ya juu,
kama watu wasiojua foleni.
Husemwa meno ya mbwa hayaumani;
haya ya mtoto wa watu
hayajawahi hata kukutana.

Nakoroga unga wa waridi wenye harufu ya stroberi ya uongo,
naujaza kinywani. Machozi yanamtoka, hasemi kitu.
Kesho yake nina plasta viganjani,
kinywa cheupe kisicho na mwenyewe,
nakifungua, nakifunga, nakifungua.

Usiku natandaza karatasi angavu juu ya eksirei,
nachonga penseli, naweka nukta:
tandiko dogo lililo katikati ya fuvu,
mzizi wa pua,
bonde la taya la juu, bonde la taya la chini.
Naunganisha. Pembe inatoka hasi nne.
Napima tena, maana mkono ukitaka kitu hudanganya.
Hasi nne.

Ningeweza kuyalaza ya chini nyuma,
kuyasukuma ya juu mbele,
nifunike kosa la mfupa kwa adabu ya meno.
Miezi kumi na minane, waya, raba, picha nzuri,
na taya lingeendelea na safari yake,
kwa kuwa halikuulizwa.

Nikaiinua eksirei ya mkono wake wa kushoto kwenye taa.
Kokoto za kiwiko cha mkono, vijiti vya vidole,
na karibu na kila kiungo, mstari mweusi mwembamba:
mlango ambao mwili haujaufunga.
Bado anakua.

Tsiala, mamake, anauza tiketi kituo cha treni.
Alikuja na bahasha, lari zimekunjwa kila moja kivyake,
nyingine zinanata sharubati ya zabibu.
Harusi ya binti yake ni Oktoba. "Tunaanza lini?"
Nikamwambia tusubiri.
"Kusubiri," akasema, "hakuhitaji daktari."

Nilikuwa na methali ya haraka na baraka mdomoni.
Nikaimeza.
Mvulana anayejifunga skafu mwezi Juni
hana kazi na methali.

Nikaeleza basi, kwa penseli, nyuma ya risiti:
kila miezi sita picha moja juu ya nyingine,
hadi siku mistari miwili itakapolala pamoja
isiachane hata kwa unywele.
Ndipo vyuma. Ndipo mpasuaji wa Tbilisi
akate taya, alirudishe, alikaze kwa skrubu ndogo.
Tukianza leo tutafanya mara mbili,
na mara ya pili itamuuma zaidi.
Tsiala aliitazama risiti muda mrefu.
Akairudisha bahasha mkobani, zipu ikakwama.

Ramaz akauliza swali lake la pekee:
"Kwenye picha za harusi, nisimame upande gani?"
Hakuna kitabu changu chenye jibu hilo.
Nikazichukua zile picha za kwanza, nikazipanga mezani.
"Usisimame upande. Mtazame mpiga picha usoni.
Ni ubavu tu unaokusema."
Akajaribu pale pale, kwenye kioo cha sinki,
kidevu chini kidogo, macho wazi.
Hakutabasamu. Lakini hakukigusa skafu.

Kwenye faili: *Kufuatilia. Arudi Desemba.*
Mstari mmoja kwa kazi ya wiki nzima,
na hakuna wa kuulipia.

Rafu ya juu ni ya waliomaliza,
ya chini ni ya walioanza.
Plasta yake ikakosa pa kukaa.
Nimeiweka dirishani,
imeng'ata vibaya,
inatazama barabara.